Saba Ilipokataa Kurudi

Ilford, London

Mama yangu kipenzi,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, na nakuombea uamke kila siku na magoti yasiyouma. Kikohozi kimekuachia? Na dawa unakunywa, au unawamwagia kuku? Miye ni mzima. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie.

Kaka Haji kaniandikia kwamba mgonjwa huuguzwa na wake, nirudi Unguja upesi. Nimemsikia. Lakini kabla hamjanitandikia kitanda, hebu sikilizeni yaliyonipata.

Unajua nakata nguo katika duka la Bwana Kanji, yule Mhindi wa Mkunazini aliyeondoka baada ya Mapinduzi. Kiswahili chake mpaka leo ni cha kwetu. Asubuhi moja akaniuliza, "Salma, makoti mangapi yamebaki?" Mama, niliyaona yananing'inia mbele yangu. Nikafungua mdomo, neno halikuja. Upande mmoja wa uso ukalegea, mkasi ukaniponyoka. Kumbe kiharusi.

Mkono ulipata nguvu tena, na maneno yakarudi: chumvi, mlango, jina lako. Namba hazikurudi, si za Kiswahili si za Kiingereza. Na fundi asiyejua namba atakata nini? Bwana Kanji alikuja kunitazama na machungwa yake, akanambia kweli: "Mimi na wewe watu wa kisiwa kimoja, Salma. Lakini koti likiharibika, mteja haulizi kisiwa." Mume wangu Juma akaanza kuyamenya yale machungwa. Nami nikaapa moyoni kwamba sirudi nyumbani kuwa mtu wa kulishwa.

Hospitali walinitia darasani na wagonjwa wenzangu. Mwalimu alituonyesha kadi zenye namba, nami nikizikodolea macho tu. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, Marlene. Ni Mchipewa, katika wale wenyeji wa asili wa Amerika, kwao kwenye maziwa makubwa ya kaskazini. Alimfuata mume Mwingereza, na sasa ni mjane. Kiharusi kilimpokonya namba za Kiingereza, ila zile za kwao alizofunzwa na bibi yake zikatangulia kurudi.

"Achana na kadi," akaniambia. "Kwetu mbili ni niizh. Lakini vitu vya chuma vikiwa viwili nasema niizhwaabik, vya mti niizhwaatig. Namba inakwenda na kitu chake. Kwenu je?"

Akanyanyua vijiko vya chai. Nikasema bila kufikiri, "Vijiko viwili!"

Nililia, Mama. Mbili peke yake ilikuwa haitoki, lakini vijiko viwili vilitoka, halafu viti vitatu, halafu watu wanne. Kitu chenyewe kilikuwa kinaivuta namba yake. Nikawa nahesabu kila kilichomo nyumbani, hata Juma akasema, "Mke wangu, niache nile, wali hauhesabiki."

Zikanikwama sita, saba na tisa. Hizo hazigeuki: watu saba, viti saba, miti saba. Hazina pa kushika. Saba ndiyo iliyonitesa zaidi, naifukuza nayo inanikimbia. Marlene akanikunjulia vidole. "Sikiliza saba yetu: niizhwaaswi. Mwanzoni mna niizh. Mkono wa kwanza umejaa, wa pili umeanza, una vidole viwili. Wazee wenu walisemaje?"

Hapo nikamsikia Bibi, Mungu amrehemu, akihesabu nazi uani kwa namba za kale: tandatu, fungate, nane, kenda. Fungate! Nikajiona bibi harusi nimefungiwa ndani, siku zangu za fungate, na wewe ukituletea mabakuli ya supu mlangoni. "Saba!" nikapiga kelele. Marlene alipojua nimeifikia saba kwa njia ya harusi, alicheka mpaka mwalimu akaja kuuliza nani kazidiwa.

Nikarudi dukani. Siku ya kwanza niliharibu bitana ya koti, tisa nimeisoma sita. Bwana Kanji akaigeuza, akaishusha mezani.

"Nenda kapumzike, Salma."

"Nipe kitambaa kingine."

"Salma..."

"Nipe, Bwana Kanji. Sitoki hapa."

Akanipa. Nikapima, midomo ikinicheza kama mtu asomaye uradi. Nikapima tena, nikakata. Mteja alipolivaa koti, mabega yalikaa na mikono ikafika pale pale inapotakiwa. Bwana Kanji akasema, "Kesho usichelewe." Sasa naenda kila siku. Bado ni mzito, na nikichoka kenda hutangulia kabla ya tisa, lakini nakata. Basi mwambie Kaka Haji sirudi kuuguzwa. Nitakuja kuwatembelea, nikishuka kwa miguu yangu.

Nisalimie huyo kaka, mkaidi mwenzangu. Na shangazi Mwanakheri, ambaye najua hajaacha kuniombea. Na mama mkwe, mwambie mwanawe kanenepa kwa kupika mwenyewe.

Jana lilikuwa darasa letu la mwisho. Tukasimama kituoni na Marlene, mvua inanyesha. Nikamuuliza nyumbani anamkuta nani. Alinishika mkono, akasema neno moja la kwao: "Giniizhimin."

"Maana yake?"

"Tu wawili, mimi na wewe."

Basi lake likaja. Tukaliacha lipite.

Mwanao aliyekataa kulala,
Salma