Venv au Conda, Kufikia Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni
Programu yetu ya kutabiri mafuriko imegoma tena. Kwangu inakubali, kwa mwenzangu inatapika makosa mekundu. Kila mtu ana toleo lake la Python, lugha iliyoandikiwa programu, na matoleo yake ya maktaba za msimbo — vurugu tupu! Mkuu wa kitengo kasema basi: kila mradi uwe na mazingira yake yaliyotengwa kwenye kompyuta, na ofisi nzima itumie zana moja kuyatunza. Nani achague? Mimi. Kufikia Ijumaa.

Programu yenyewe aliiandika Mrefu, ndivyo tulivyomwita ofisini. Kiti chake bado kiko ubavuni mwangu. Miezi miwili tangu ahamishiwe tawi la mbali, nami sikuwa na sababu ya kumwandikia. Leo ninayo. Nimemwuliza: zana ipi, Conda au venv?

Jumanne, 4 Juni
Kajibu! Conda inabeba hata vitu visivyo vya Python, ila nzito. Venv nyepesi, inakuja na Python yenyewe. Halafu: bado unaacha chai ipoe ndipo unywe?

La Conda nimelisoma mara moja. La chai, mara sita.

Jumatano, 5 Juni
Nimejaribu venv. Programu imekubali kwenye kompyuta zote mbili, yangu na ya mwenzangu. Jibu ninalo.
Hata hivyo nimemwuliza Mrefu kuhusu Poetry, zana nyingine. Aibu!

Alhamisi, 6 Juni
Leo nimemwuliza kuhusu uv, zana ya nne. Katuma ujumbe wa sauti, dakika nne nzima: ina kasi ya ajabu, nijaribu. Nyuma yake mtu anacheka — mwanamke? Nimerudia kusikiliza jikoni, mdogo wangu akanifuma. Eti dada, kazi gani hiyo inayokulegeza macho? Nimemrushia kitambaa cha vyombo. Tumecheka. Kisha nikaizima sauti. Mwaka na nusu mimi na Mrefu tulikaa bega kwa bega, sikumwambia kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempelekea mkuu jibu: venv. Kila kompyuta inayo tayari. Kafurahi, kasema saa nne niwaonyeshe wote. Nikamwandikia Mrefu: nimeshachagua, asante kwa ushirikiano. Ushirikiano! Kama barua ya ofisi.

Kajibu papo hapo: "Nilijua ni venv tangu Jumanne. Sasa Jumatatu utaniuliza nini?"

Saa nne kasoro. Wanaburuta viti chumba cha mkutano. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Ujumbe uko kwenye simu, kando ya daftari hili, haujaenda. Safari hii hauna Python hata moja. Mkuu huyo mlangoni, ananiita —