Kilio Chako Kimo Kwenye Mchezo

Dada Leokadia,

Shikamoo. Barua hii naomba ikukute umekaa, maana nakujua, wewe husoma umesimama, mkono kiunoni, ukitafuta pa kunigombeza. Baba anaendeleaje na mguu? Mizinga yake huko Tura mwaka huu ina kitu, au nyuki nao wamemchoka? Shemeji Sospeter na kibanda chake cha gemu hapo mjini, mnajikongoja? Mimi huku Poland ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatia njiani, na hili nataka ulisikie lote.

Kazi yangu ya kujaribu michezo ya kompyuta kabla haijauzwa unaijua, ingawa wanakwaya wenzako unawadanganya kwamba nalipwa kucheza. Kucheza gani huko, kumgongesha mtu ukutani kutwa nzima ili nione kama ukuta utapasuka? Sasa umekuja mchezo mpya, wa saba katika mfululizo wa yule mama wa Kizungu mwenye kamba na tochi, anayeiba makaburini na kuitwa shujaa. Ya zamani shemeji anayo yote. Safari hii wamemleta kwetu. Anafuata njia ya misafara kutoka Tura, anapita Tabora mpaka Ujiji, akitafuta pembe za ndovu zilizofichwa na tajiri mmoja wa zamani.

Ni mzuri, sitakuficha. Miombo wameipatia kabisa, hata yale majani mekundu yanayochipua kabla ya mvua. Nilipoyaona siku ya kwanza nilivua miwani nikajifuta macho. Halafu Tabora wakaiwekea maporomoko ya maji, Tabora hii hii tunayogombania ndoo bombani. Na wapagazi, yaani babu zetu, kazi yao ni kufa. Daraja likiwa bovu unamtanguliza mpagazi. Akitumbukia unabonyeza kitufe, anakuja mwingine na mzigo ule ule kichwani. Wenzangu hapa huwatanguliza hata daraja likiwa zima, kwa kujifurahisha tu. Mpagazi mmoja ana pua ya baba. Na mimi nimeshamtumbukiza mara nyingi, ndiyo kazi.

Lakini siyo hilo lililoniketisha kuandika.

Walitaka sauti za kweli za watu wa njia ile, wakaniuliza mimi kwa kuwa ndiye Mnyamwezi pekee waliyenaye. Nilikuwa na kitu kimoja tu, ile video ya msiba wa mama. Unakumbuka uliagiza wewe mwenyewe simu ishikwe juu, kwamba mimi Deusi sikupata ruhusa ya kuja, basi nami nilie na wenzangu. Nikawapa hiyo.

Mle ndani anasikika Mzee Pazi, mtani wetu Mzaramo, kavaa kanga ya mama na kuchechemea kama alivyochechemea yeye. Anamwita mchoyo wa asali, mvivu aliyekufa palizi haijaisha, anawaambia wenye majembe wasimzike, kwa ulafi wake atawamalizia udongo. Watu wanacheka na machozi yanawatoka. Wazungu waliponiuliza huyu ni nani, nikasema ndiye anayetutukana misibani. Sikusema kwamba ndiye aliyeanza kulichimba lile kaburi na ndiye aliyekudaka usidondoke humo. Sikusema kwamba utani huo babu zake na babu zetu waliuanza kwenye misafara hiyo hiyo. Kwetu nani huelezwa mtani ni kitu gani? Niliona kila mtu duniani anajua kuwa anayekutukania maiti yako ni mtu wako.

Hawakujua. Kwa matusi yale ya Mzee Pazi wakatunga kwamba marehemu alikuwa mchawi na kijiji kizima kilimchukia. Mama, Leokadia, aliyekuwa akifua vitambaa vya altare kila Jumamosi. Wamemlaza ndani ya kisima kikavu, na mchezaji akikosea hatua anaangukia humo, mama anainuka na kulia. Kilio ni chako. Ni pale ulipojitupa juu ya jeneza ukaita "Mayu wane", mama yangu, mpaka sauti ikakukatika. Maneno wameyaondoa, wamebakiza ule mkato wa mwisho.

Kisima hicho nilipewa mimi nikijaribu wiki nzima. Jumatatu nilitapika. Alhamisi nilikuwa nakusikia huku nakula mkate. Kuna kijana wa meza ya jirani amejifunza kukuigiza, akimwaga kahawa analia kilio chako, na jiko zima la ofisini linavunjika mbavu. Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wao, nisije nikaulizwa nina nini.

Nakwambia haya kwa sababu shemeji atauleta huo mchezo, nakala za mitaani hazichelewi, na wewe ndiye unayeuza karanga mlangoni pake. Vijana watakuwa wanaanguka kisimani kutwa, na kila wakianguka watacheka. Nisingetaka ukaisikie sauti yako pale bila kuambiwa.

Nisalimie baba, umwambie barua ilihusu kazi. Msalimie shangazi mkubwa, aliyenikomesha kunyonya kidole kwa pilipili, na shemeji mwenyewe. Mzee Pazi mpe shikamoo yangu, ila usimweleze walivyoyageuza maneno yake. Ataumia.

Limebaki moja, nimelizungukia tangu juu. Kabla hawajafunga kazi, bosi aliniita. Alisema kile kilio kinamsumbua, kwamba kama ni cha mtu kweli atakitoa siku hiyo hiyo, wala haitakuwa shida. Akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani?" Mkataba wangu ulikuwa mezani pake, haujasainiwa, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa kati ya watakaotajwa mwisho wa mchezo.

Nikamwambia, "Ni mwigizaji. Tulimwambia alie, akalia."

Akafurahi, akasaini. Kwa hiyo dada, vijana wakikutazama usoni na kukuuliza kama ni wewe, kataa. Mimi nimeshakukana.

Mdogo wako,
Deusi