Ndani ya Birika la Mzee Ranjit

Small Heath, Birmingham
15 Novemba 2018

Mpendwa dada yangu Mwanakhamis,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, maana leo nina mengi. Mimi ni mzima, ila baridi inaninyanyasa na goti la kushoto linalalamika kila nikipanda basi. Watoto wako wamepona kifua? Na Mama yangu, unayemtunza kama wako, nyonga yake inaendeleaje? Nimekuandikia kwenye karatasi kwa makusudi. Ningetuma kwenye simu, Mama angemwita mtoto yeyote anayepita amsomee.

Umeniuliza tena kama nitakuja Januari, Mama atakapofanyiwa upasuaji. Nitakujibu, ila niache nianze mbali.

Mzee Ranjit unamjua kwa jina, yule Kalasinga ninayemhudumia kule Handsworth. Alizaliwa Kisumu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, chake kile cha kuamrisha, lakini moyo wake mzuri. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Mimi ananijua kwa kikohozi na hatua tu. Miaka arobaini alifanya kazi ya kusubu chuma, na Mjapani mmoja aliyekuja kiwandani kwao kufundisha mashine alimwachia zawadi siku ya kuaga: birika la chuma, zito ajabu, lina vinundu mwili mzima, pamoja na vikombe vitano vya udongo. Nilidhani cha sita kilivunjika, kumbe kwao seti ni vitano. Birika lenyewe ni la kuchemshia maji tu, majani ya chai hayaingii humo.

Wiki yangu ya kwanza nilifunua kifuniko nikaona ndani kumejaa ukoko mweupe. We! Unakumbuka Mama na mabirika yetu ya maji ya kisima, jinsi alivyotuinamisha uani na mchanga mpaka chumvi yote itoke, na akiona weupe kidogo anauliza nani atatuoa. Basi nikakunja mikono ya nguo. Siki, waya wa kusugulia, asubuhi nzima. Nikalitoa jeusi, safi, nikajisifu peke yangu jikoni.

Siku nne baadaye, tukinywa chai, mzee akaniambia kamwe nisioshe ndani. Ule weupe huletwa na maji, na maji ya mji huu ni laini, hayaachi kitu upesi. Satwant, mkewe, alichemsha humo kila asubuhi miaka thelathini na moja mpaka alipofariki. "Hiyo nyeupe ni mkono ya Satwant," akasema. "Ndiyo imebaki." Kisha akaniuliza kama ndani bado ni kweupe. Nikasema bado.

Tangu siku hiyo huniuliza kila asubuhi, nami hujibu hivyo hivyo. Kutu ikaingia, maji yakawa mekundu, nikachemsha majani ya chai humo kwa siri mpaka kutu ikageuka nyeusi na maji yakatakata. Lakini weupe siwezi kuutengeneza. Na nikichukua likizo, ofisi yangu itamleta mhudumu mwingine, na yeye akiulizwa atasema anachokiona. Kwa hiyo sichukui. Mwanakhamis, makaratasi ya ukaazi niliyowasingizia miaka miwili na nusu kwamba hayajatoka yako sawa, yamelala kabatini. Mjomba alizikwa bila mimi. Wadogo zangu wameolewa bila mimi. Mimi nimefungwa na birika, na ukicheka sikulaumu.

Sasa binti yake amempatia siku ya kutolewa mtoto wa jicho, Jumanne ijayo. Miaka yote alikuwa akikataa, mwezi uliopita akakubali ghafla. Nikahesabu siku kama mtu anayesubiri polisi. Leo asubuhi, kabla hajauliza, nikamwambia yote, kuanzia ile siki.

Hakunigombeza. Aliomba birika, akaliweka mapajani, akaingiza mkono. Vidole vikazunguka chini mara mbili, polepole. Ndipo akaniambia nipigie hospitali niseme haendi.

"Nilikubali nione hiyo moja tu," akasema. "Sasa naenda kuona nini?"

Dada, nililia mbele yake kama mtoto. Nikamwambia leo sipigi. Nitapiga Jumatatu kama bado atataka. Akasema maji yawekwe, nikaweka. Yalipochemka hakuniuliza lile swali lake.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikishasema nitakuwa huru, nikate tiketi nije. Sasa ndiyo siwezi kabisa. Nitamwachaje mzee akae gizani kwa ajili ya mikono yangu, halafu nije kukaa na Mama? Sijui kama Jumanne nitamvalisha viatu aende hospitali au nitamvua koti abaki nyumbani. Januari usinitarajie.

Mwambie Mama makaratasi bado. Na hata akija kujua siku moja, nakuomba kwa udugu wetu, usimwambie kwamba nilisugua. Atadhani kosa ni lake, naye alitufundisha usafi tu.

Wabusu watoto, na Mama umshike mkono wa kulia, umwambie ni mimi.

Ni mimi wako,
Barwako