Dawa ya Msituni

Jumapili, 2 Machi
Kanisani, halafu sokoni Lewisham, hapa London, halafu kumpikia baba mkwe. Nikamwambia kwa furaha: mtoto akiwa wa kiume atachukua jina lake. Kwetu Wakikuyu hakuna heshima inayozidi hiyo. Mzee ameweka vijiti vyake vya kulia mezani, akaondoka bila koti. Hataki jina lake libebwe na mtoto mweusi, si ndiyo? Wali wote nimemwaga.

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu Tuan anasema nimekosea. Kwao Vietnam, kumpa mtoto jina la mzee ni kumvunjia adabu. Kila ukimkemea mtoto unamkemea babu. Kwa nini hakusema mapema? Eti alisahau. Mzaliwa wa London huyo! Nimecheka, nimeona haya. Nitamwomba mzee radhi.

Jumatano, 5 Machi
Skani ya mimba, hospitalini. Dada wa mashine alikuwa akipiga soga, mara akatoka kumwita daktari. Wa kiume. Uti wa mgongo wake haujafungika. Miguu huenda isifanye kazi. Daktari ametupa njia mbili: mtoto afanyiwe upasuaji, au kuitoa mimba. Tuan amelia ndani ya basi. Mimi sina hata chozi.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee amekuja, Tuan keshamwambia ya skani. Kabla sijaomba radhi akasema, "Ni mimi." Alipokuwa askari kijana vitani kwao Vietnam, ndege za adui zilinyunyizia msitu wao dawa ya kuua miti. Majani yakapukutika. Wao wakaendelea kunywa maji ya mto ule ule. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akafa. Tuan hakuwahi kujua kwamba alikuwa na dada. Jumapili mzee hakukimbia jina. Alikimbia hofu kwamba mjukuu atazaliwa vile vile.
Vita vya watu, vimeisha zamani, vije kunitafuta tumboni! Nimemchukia. Nimemwambia atoke.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemuuliza daktari: ni ile dawa? Huenda ndiyo, huenda siyo. Kwa wajukuu hakuna mwenye hakika. Mzee amejitolea damu yake ipimwe. Haitasaidia kitu. Mama amepiga simu kutoka Nyeri, anasema niombe. Niombe nini, Mama? Nimechoka. Sioni pa kutokea.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia daktari. Mimba hatuitoi. Tuan amenishika mkono muda wote.
Kisha nimemwita mzee. Amekuja na kuku, akapika uji wa mchele. Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. "Kula, mwanangu," basi. Mtoto anacheza tumboni. Naogopa sana. Nimekula bakuli lote, na mzee ameniongezea.