Pahali pa Amisi

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu toka Kasongo. Mama yako iko muzima, na mihogo imekauka vizuri. Unasema iniversite yenu itatuma mradi moja tu kuomba musaada wa utafiti, na ninyi wenye miradi mumeambiwa muchague wenyewe. Unataka kunyamaza, usichague mutu.

Wakati wa Wabelgiji, shule yetu ya misioni ilipewa nafasi moja ya kutuma mutu kujifunza kazi ya munganga wa hospitali. Mwalimu alituambia sisi watano tuchague. Tulikaa kwenye benchi, vichwa chini, na kila mutu kwa zamu alipita nyuma kuweka kunde moja nyuma ya mwenzake.

Katikati tuliacha pahali pa Amisi, mwenzetu aliyekufa mwezi ule. Kwetu hatukai pahali pa marehemu mpaka matanga iishe.

Tulipoinua vichwa, kunde zote zilikuwa nyuma ya Amisi. Kila mutu aliogopa kumupa mwenzake nafasi, akaweka kwa Amisi, akifikiri ni yeye peke yake. Mwalimu alizihesabu, akazihesabu tena. Nafasi ikaenda kwa watu wa shule ya Kabambare.

Zaina, chagua mutu mwenye iko hai, hata kama si wewe.

Sisi wenye tulikuwa hai tulikuwa watano, kila mutu na kunde moja. Kunde zilikuwa sita.

Babu yako