Kibonge Kashinda, Baba Kanyamaza

Nyumbani, mbele ya cherehani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na magoti yanasemaje? Uliposema kwenye simu kwamba ngazi za kazini kwako zinakumaliza, nilipata uchungu, na sasa kila nikipanda ngazi nakukumbuka wewe. Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba jioni unakula chakula, si chai peke yake halafu unalala. Binamu zangu hawajambo? Yule mdogo bado anakataa kuvaa sweta?

Sisi huku wazima. Mama hajambo, Baba hajambo, nami sijambo. Nimeandika hivyo kisha nikaangalia maneno yenyewe nikaona kama nakudanganya kidogo. Acha nikueleze vizuri, maana nimeianza barua hii nikaiacha, nikaenda kushona mfuko wa suruali ya mteja, nikajikuta nimeushonea upande wa nje. Nimeufumua. Ndivyo nilivyo siku hizi, sikai nikatulia.

Habari kubwa unayo: Kibonge wetu, mdogo wangu, ameshinda ile tuzo ya televisheni ya mchekeshaji anayependwa kuliko wote, kwa kura za watazamaji. Lakini kwa kuwa huko hamwipati stesheni hiyo, sidhani kama unajua ameshinda kwa lipi. Ana mhusika wake anaitwa Mzee Ngoja. Mzee Ngoja ana kigugumizi. Anakwenda dukani kununua mkate, "mi-mi-mi, ngo-ngo-ngoja," na kabla hajafika kwenye neno mkate, muuzaji kashafunga duka. Watu wanavunjika mbavu.

Wewe ndiye uliyekua na Baba, Shangazi, huhitaji kuelezwa. Kibonge hajawahi kusema amemchukua wapi Mzee Ngoja, nasi hatukuwahi kumuuliza. Lakini hata kile kifungo cha shati Baba anachokishika neno linapomkwama, Mzee Ngoja naye anakishika.

Siku ilipotangazwa, mtaa ulilipuka. Masufuria yaligongwa, madereva walipiga honi, Mama alitoka nje na kanga moja na kurukaruka kama msichana. Baba alipiga makofi, akasema, "Vi-vizuri," akarudi kwenye kiti chake. Nami niliruka, sikatai. Ni ndugu yangu.

Asubuhi yake ndipo mambo yalipoanza kunikaa vibaya. Kinyozi wa hapa chini alibadilisha mlio wa simu yake, ukawa sauti ya Mzee Ngoja. Baada ya siku chache kila simu ya mtaani ikawa inalia hivyo hivyo. Redioni watu walipiga simu kutwa nzima, wengine kumpongeza, wengine kulalamika kwamba ushindi ulikuwa haki ya yule mwanamama mchekeshaji wa siku nyingi, na wote, wapongezaji na walalamikaji, walianza kwa kugugumia, kisha mtangazaji akacheka.

Sasa unajua kazi ya Baba. Yuko palepale zahanati, dirisha la mapokezi, anaita majina ya wagonjwa. Miaka yote hiyo ameyaita yote, marefu kwa mafupi, na watu wa mabenchini walishazoea kusubiri. Tuzo ilipotoka, wakajua ni baba yake nani. Akisema "Ma-ma," benchi zima linaitikia, "Ngo-ngo-ngoja!" Hawakufanya kwa ubaya, Shangazi. Hilo ndilo linaloniudhi. Walikuwa wanampenda! Wengine walikuja hawaumwi chochote, wamekuja na simu zao kumrekodi. Mgonjwa mmoja aliitwa akachukua kadi yake huku amemwekea Baba mkono begani, anapiga picha, eti "Mzee, sema kidogo tu, watoto nyumbani wafurahi."

Msimamizi wa zahanati akamwita ofisini. Alimwambia kwa upole apumzike chumba cha kuhifadhia kadi mpaka upepo huu upite, foleni haiendi. Dirishani wamemweka binti mmoja mwenye sauti kama kengele. Baba akarudi nyumbani, hakutuambia. Nimeyasikia kwa nesi aliyekuja kupunguziwa sketi. Na tangu siku hiyo Baba akaacha kusema. Chumvi ikimpungukia anainuka kuifuata mwenyewe. Mama anadhani amechoka. Mimi nilikuwa nashona huku roho iko juu, nikisikia hatua zake kwenye korido naacha cherehani, akipita bila neno naendelea.

Basi, diwani akaandaa mapokezi kwenye uwanja wa shule. Vipaza sauti, turubai, viti vya kukodi. Kibonge alikuja amesimama juu ya gari wazi, tuzo mkononi, anapunga. Nilimvizia nyuma ya jukwaa. Alitaka kunikumbatia, nikamwambia, "Baba wamemtoa dirishani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako wewe. Wagonjwa wanamwitikia kama Mzee Ngoja."

Shangazi, sura ilimshuka palepale. Alikuwa hajui. Mtu anayejua kila kitu kinachochekesha nchi nzima, hilo alikuwa hajui. Akapanda jukwaani kabla diwani hajamaliza kumsifu, akachukua kipaza sauti.

"Naomba mnisikilize," alisema. Wakacheka. "Sitanii. Naomba mumwache baba yangu." Wakacheka zaidi, wakapiga makofi. Akasema tena kwa nguvu kwamba yule ni mtu, ana kazi yake, mnamkosesha kazi, na kadiri alivyosema ndivyo walivyojishika matumbo, wanasubiri pale atakapogeuka kuwa Mzee Ngoja. Machozi yakamjaa, akasema, "Ba-ba, ba-ba," na safari hii haikuwa mchezo, ulimi ulimkwama kweli. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mama mmoja karibu yangu alikuwa anajifuta machozi ya furaha akisema, "Huyu mtoto ana kipaji!"

Nikawa napiga kelele, "Nyamazeni!" Nani anisikie?

Baba alikuwepo. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na koti lake la zahanati. Alipanda ngazi za jukwaa polepole, akakitoa kile kipaza sauti mkononi mwa mwanawe, akakiweka juu ya meza ya diwani, akamshika mkono wakashuka. Hata hilo walilishangilia. Video yake ilizunguka wiki nzima na watu wakaandika chini yake kwamba ndicho kichekesho chake bora kuliko vyote.

Jioni hiyo tulikaa sebuleni sisi wanne, na madirisha tumeyafunga kwa sababu ya watu wa nje. Kibonge alipiga magoti akamwomba Baba radhi. Akasema Mzee Ngoja amekufa, hatamwigiza tena, tuzo atairudisha. Mama akaanza kulia kwamba tuzo isirudishwe. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama.

Baba akashika kifungo chake. Alichukua muda. Kibonge akafungua mdomo kumsaidia neno, akaufumba.

"Yu-yule mzee wako," Baba alisema, "ha-ha-hamalizi. Kila wiki na-nakaa hapa na-namsubiri amalize. Mi-mimi ni-ni-nikianza, na-namaliza."

Basi. Akaenda kuoga.

Nilidhani atamwambia aache. Wala hakumwambia aache! Nimeligeuzageuza neno hilo mpaka sasa, na nadhani Kibonge naye aliligeuza, maana alirudi mjini kimya, na baada ya siku chache akanipigia simu kuniuliza Baba huwa anachekesha vipi anapochekesha. Nikashindwa kumjibu haraka. Nikaona aibu kwamba nashindwa.

Ijumaa iliyopita kipindi kikarushwa. Kilikuwa kimesharekodiwa, kwa hiyo Kibonge alikuja kukitazama na sisi. Mzee Ngoja akaingia dukani, akagugumia, watu studioni wakacheka. Muuzaji akaanza kufunga duka, mzee akaweka mguu mlangoni. Akaendelea. Akasema mkate. Akasema mkate wa namna gani. Kisha akamwambia muuzaji kisa kirefu cha jirani yake na jogoo, kigugumizi na yote, mpaka mwisho. Studio ilikuwa kimya, Shangazi. Kisa kilipofika mwisho wachache wakacheka, lakini walikicheka kisa.

Kabla hata kipindi hakijaisha simu ya Kibonge ikaanza kutetemeka mezani. Watu wanaandika: sifa zimemlevya. Arudishe kura zetu. Kinyozi alipaza sauti kutoka chini, "Dada, mwambie huyo ndugu yako hatukumchagua atuhubirie!" Wakuu wa stesheni wamemwita kesho wazungumze, na sauti yao haikuwa ya sherehe. Kibonge aliigeuza simu kifudifudi. Alikuwa akimwangalia Baba, Baba alikuwa akiangalia televisheni.

Yalipoanza matangazo ya biashara, Baba akamwambia Mama apunguze sauti. Akashika kifungo. Akatuambia kuna mwanamume alikuja zahanati na kadi ya mkewe kwa bahati mbaya, yeye Baba akaliita jina la mke, na yule bwana, ndevu zote zile, akasimama akaitika, "Abee!" Kuyasimulia kulichukua matangazo yote na kipande cha taarifa ya habari. Mama alikuwa na sufuria mkononi, hakuiweka chini. Tulicheka, Shangazi. Kibonge alicheka mpaka akateleza kwenye kiti, na Baba akamtazama akicheka.

Kesho asubuhi Baba naye anakwenda kwa msimamizi kudai dirisha lake. Sijui watamjibu nini. Nasikia anatembea chumbani, nami huku uzi umekatika tena. Tuombee wote wawili hiyo kesho, na ukipata nafasi umpigie kaka yako simu. Usiogope kimya, atasema.

Nisalimie binamu zangu, na shemeji wa nyumba ya pili aliyekuletea lile blanketi. Mama anakusalimu sana, Kibonge anakupigia magoti, na nesi wa sketi naye amesema nisimsahau. Mungu akulinde kwenye hizo ngazi, akuwekee mkono wa kushika kila unapopanda na unaposhuka.

Ni mimi mwanao nikupendaye kwa moyo usiotulia, uliyemwita mwenyewe
Kiherehere.