Mlango wa Mahabusu

Jumamosi, 11 Januari
Mabasi mawili kutoka Wembley, hapa London, na begi la hoki la binti yangu Neema, zito kama gunia la mkaa. Ana miaka kumi na minne, ila begi nabeba mimi. Uwanja wa barafu baridi yake haina adabu. Koti, na juu ya koti kitenge. Wameshanizoea.

Hoki hii ya mtaa inaendeshwa na wazazi wanaojitolea. Mama Hetal, Muhindi wa Mwanza mwenye duka Rayners Lane, anashika saa. Mimi nashika mlango wa kibanda cha adhabu. Msichana akicheza rafu, refa ananiletea. Anakaa dakika mbili, namfungulia, anarudi mchezoni. Tunakiita mahabusu. Mimi ndiye askari magereza, na chupa yangu ya chai ya tangawizi. Naipenda kazi hii.

Jumamosi, 18 Januari
Nimeharibu.

Msichana wa timu yetu alikuwa mahabusu. Akasimama, akashika gongo lake la kuchezea. Kwetu Moshi mgeni akisimama unamfungulia mlango. Nikafungua. "Pita, mwanangu, pita." Muda wake ulikuwa bado. Papo hapo Neema akafunga bao, la kwanza tangu aanze hoki. Nikapiga vigelegele peke yangu uwanja mzima.

Refa akalifuta. Kwa sababu ya mlango wangu. Tukafungwa.

Kwenye basi Neema kaenda kukaa kiti cha nyuma, mbali na mimi.

Jumapili, 19 Januari
Kanisani nimesali kwa hasira. Nyumbani Neema kasema tu, "Mum, please don't do the door again." Eti mlango nisiushike tena. Siku zote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini cha leo kilikuwa na meno. Nimepika ndizi nyama. Kala chumbani kwake.

Nimeumia.

Alhamisi, 23 Januari
Mama Hetal kapiga simu. Jumamosi hakuna mtu wa mlango, na bila mtu wa mlango hakuna mechi. Nikamwambia atafute mwingine.

"Kosa moja haliachi mke, dada. Njoo bwana."

Neema alikuwa anasikia. Kapandisha mabega. Sijui ndiyo au hapana. Nitakwenda. Naogopa.

Jumamosi, 25 Januari
Sare mpaka karibu na mwisho. Refa akaniletea mfungwa. Neema! Kamtega mtoto wa watu kwa gongo.

Akakaa ubavuni kwangu, anahema. Hakunitazama. Huko nje wenzake pungufu, kipa wetu anaokoa, anaokoa tena. Neema akasimama, akashika gongo. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye komeo. Nikaushika kwa mkono wa pili. Wazazi wanapiga kelele, mtoto wangu kasimama mbele yangu, mimi macho kwenye saa tu. Sikufungua.

Saa ikafika sifuri. Nikafungua.

Akatoka mbio. Kile kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira kikapigwa mbele, kikamkuta peke yake, mabeki wote wako nyuma yake. Akafunga.

Safari hii sikupiga vigelegele. Refa alikuwa anakuja mezani. Akamwinamia Mama Hetal, wakaongea. Mama Hetal akaonyesha saa, halafu mlango, halafu mimi. Refa akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea golini. Bao halali.

Hapo ndipo nilipovipiga. Sauti mpaka sasa haijarudi.

Kwenye basi Neema kalala begani kwangu, au kajifanya kalala. Sikumuuliza.

Jumapili, 26 Januari
Mvua. Baada ya kanisa nikapitia dukani kwa Mama Hetal. Mihogo, unga, binzari. Hataki kuongelea kitu kingine ila bao.

Nimefika nyumbani mikono imejaa, nikagonga mlango kwa kiwiko. Neema akaja. Namwona kupitia kioo. Hafungui. Kasimama anatazama saa yake ya mkononi. Nikaita. Akanyoosha kidole, nisubiri. Mvua inanipiga mgongoni, na mtoto niliyemzaa mwenyewe ananihesabia muda.

Kisha akafungua, wazi kabisa.

"Pita, mama, pita."

Nimelowa chepechepe. Tumekunywa chai jikoni, wawili.